Ukuta wa Nusu kwa Nusu

Ugomvi haukuanza na siasa, ingawa baadaye watu wengi wa mtaa wa Muhima walipenda kusema hivyo ili wasijisikie vibaya. Ulianza na mkojo. Wateja wa kabare ya Mukantwari, kilabu chake kidogo, wakishashiba pombe ya ndizi, hawakuwa na subira ya kungojea choo kimoja cha uani. Walijisogeza kwenye ua wa minyaa, ile ambayo Kigali nzima huiita miyenzi, wakajisaidia kwa raha zao. Na kwa kuwa kilima kile kimeinamia bonde la Nyabugogo, kila kilichomwagwa kwa Mukantwari kiliteremka kwa jirani yake Évode. Jumapili moja kijito chembamba kilifika hadi kwenye mafiga ya Athanasie, mke wa Évode, huku wageni wa kanisani wakiwa wamekaa kwenye mkeka wakisubiri chakula.

Évode hakuimeza aibu hiyo. Asubuhi yake, kabla ya kwenda stendi kuchukua Hilux ya tajiri wake, alipita kwenye mwanya wa ua. Wenyeji wanauita icyanzu: nafasi ndogo kati ya nguzo mbili, nyuma ya nyumba, ambamo jirani hupita kuomba moto au chumvi bila kuzunguka barabarani. Mukantwari alikuwa anaosha chupa, mtoto wake Ihirwe mgongoni.

"Mwaramutse, Mama Ihirwe."

"Mwaramutse, Papa Sangwa. Chai iko, utakunywa?"

"Chai siyo shida. Shida ni hii ua. Inapitisha kila kitu. Mbwa, wezi, na ile maji ya wateja yako. Mimi nataka tujenge ukuta wa matofali. Sisi wawili, moitié-moitié. Nusu kwa nusu."

Mukantwari alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hachezi.

"Nusu ya ukuta? Toka gari ya Rugamba ikanyage bomu, unaona mimi iko na kitu gani? Na hii ua ilipandwa na nani? Ni mimi na yeye. Nyinyi mulikuja mukaikuta imesimama. Mulitulipa nusu?"

Rugamba, marehemu mume wa Mukantwari, alikuwa dereva mwenzake. Évode ndiye aliyekwenda kuuchukua mwili wake, na ndiye aliyeshika jeneza upande wa mbele, mjane akiwa na mimba ya miezi saba.

"Wateja nitawakataza," Mukantwari alisema. "Nitachimba choo ya pili. Lakini ukuta, oya, hapana. Sina."

Kila mmoja alikuwa na haki yake, na hapo ndipo penye ubaya wote. Watu wawili wenye haki hawasikilizani hata kidogo.

*

Kumbe Évode alikwisha kumwomba tajiri wake mkopo. Matofali yalishushwa kando ya barabara siku ya Alhamisi, rundo refu lililomfika kifuani, na kila aliyepita aliuliza, "Papa Sangwa, unajenga ghorofa?" Fundi alikuja mara mbili, akakaa juu ya matofali, akavuta sigara na kuondoka. Ikabidi Évode afanye kitu, maana rundo lile lilikuwa linamcheka.

Jumamosi mchana, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, aliingia kabareni kwa mlango wa mbele kama mteja. Alitaka kulisema jambo lake mbele ya watu, ili wawe mashahidi. Ndani kulikuwa na wanaume wanane au tisa, majembe yao yameegemezwa ukutani.

"Nipe moja," alisema.

Sasa, pale Rwanda mwenye pombe huonja kwanza. Anafungua, anapiga funda moja mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi. Ni heshima, na pia ni kukuhakikishia kwamba hamna sumu. Watu wa pale wanaogopa kurogwa kwenye kinywaji kuliko wanavyoogopa malaria. Mukantwari alikuwa amewaonjea watu maelfu ya chupa. Lakini dakika ile Ihirwe alikuwa analia kwa njaa mgongoni, ziwa limejaa na blauzi imeanza kulowa. Akaifungua chupa, akaitua mezani mbele ya Évode, akageuka kumfungua mtoto.

Wote waliona kwamba hakuionja.

Évode akaitazama chupa. Angesema neno moja tu, "Onja," Mukantwari angepiga funda lake, angeomba msamaha, na watu wangecheka. Hakusema. Mtu mmoja wa pembeni akachokoza, "Kunywa basi, dereva, ama unaogopa kutuacha?" Kicheko kikazuka. Évode akaishika ile chupa, akaigeuza kichwa chini, pombe yote ikamwagika sakafuni.

"Unamwaga?" Mukantwari aliuliza, mtoto kifuani. Hakuwa ameelewa kosa lake hata kidogo, aliona dharau tu. "Haya. Mwenye kumwaga pombe alipe pombe. Na mwenye kutaka ukuta alipe ukuta."

Walicheka mpaka mmoja akajigonga kichwa ukutani. Évode akaweka noti mezani, akatoka bila kungoja chenji.

Nyumbani Athanasie alimkuta amekaa kitandani na viatu.

"Ametaka kuniroga," alisema.

"Nani? Mama Ihirwe?"

"Hakuonja."

"Amesahau, Papa Sangwa. Mtoto alikuwa analia, nimemusikia mimi mwenyewe huku jikoni."

"Mbele ya watu, Athanasie. Mbele ya watu!"

Athanasie alirudi jikoni. Alimjua mumewe: mtu mpole mchana kutwa, akiguswa mbele za watu anakuwa mtu mwingine kabisa.

*

Ule ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, vyama vimekuwa vingi na kila chama kina vijana wake. Kazi ya vijana hao waliiita kubohoza, yaani kumfungua mtu. Walikufungua kutoka katika chama chako kwa kukupiga mpaka ununue kadi yao. Baadaye wakaona kwamba vitu navyo vinaweza kufunguliwa: mbuzi, baiskeli, shamba, hata mke. Mkubwa wa vijana wa bondeni alikuwa Frederick, muuza matairi ya mtumba, kijana mwenye sauti ya upole isiyolingana na mikono yake.

"Mumutishe tu," Évode alimwambia, amesimama kati ya matairi. "Asipigwe. Akubali kutoa nusu ya ukuta, basi. Imekwisha."

"Sisi hatupigi mutu, mon vieux. Sisi tunabohoza." Frederick alipangusa mikono kwa kitambaa. "Huyo mama, kitambulisho yake inasema nini?"

Hakuna mtu mzima wa Kigali asiyejua swali lile lilikuwa linauliza nini. Kwenye kila kitambulisho palikuwa na mstari mmoja wa kabila, na mstari huo ndio uliopima mtu atapigwa kiasi gani. Évode alikiona kitambulisho cha Mukantwari siku ile walipokwenda kuuchukua mwili, maana mjane hakuwa na nguvu ya kusaini na yeye ndiye aliyempokelea karatasi zake. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema, hayo yanahusiana nini na ua? Alitazama matairi, akalitaja kabila lake.

"Ah," Frederick alisema, kana kwamba ameambiwa bei nzuri. "Basi kazi ni rahisi. Utatupa bia kreti mbili."

*

Walikuja Jumapili, misa imekwisha, jua liko juu. Filimbi zilitangulia. Milango ya mtaa ikajifunga mmoja baada ya mwingine, akina mama wakawavuta watoto ndani kwa masikio. Walikuwa kama ishirini, wamejifunga majani ya migomba viunoni na vichwani, rungu mikononi, wawili au watatu na mapanga.

Évode alikuwa amesimama nyuma ya nyumba yake, kwenye icyanzu. Alijiambia kwamba anataka kuhakikisha wanatisha tu.

Walianza na chupa. Walizipiga rungu mezani na ukutani, safu baada ya safu, na vipande vikaruka hadi uani. Mzee Ndihokubwayo, Mrundi mkimbizi aliyekuwa anamkamulia Mukantwari ndizi, alitoka na mikono juu.

"Vijana wangu, mnisikilize kidogo..."

Wa kwanza alimpiga rungu mdomoni. Wa pili na wa tatu wakamshika miguu na shingo, wakamchovya kichwa ndani ya mtumbwi wa kuchachushia pombe. Miguu ya mzee ilipiga udongo. Waliimba wimbo wa chama huku wamemkandamiza, wakaufikisha mpaka mwisho, na miguu ilipoanza kulegea ndipo wakamtoa, wakamtupa pembeni kama gunia. Alitapika pombe na damu.

"Nunua kadi!" walimpigia Mukantwari kelele.

"Nitanunua! Nitanunua, acheni yeye!"

"Sasa unataka? Jana ulikuwa hutaki?"

Rungu lilimshukia begani. Alikuwa na mtoto mgongoni na alijipinda ili pigo limkute yeye, hivyo likapasua mfupa wake na kumkosa Ihirwe kwa nafasi ya vidole viwili. Alianguka kwa magoti. Mmoja akamkanyaga uso kwenye vipande vya chupa, kidevu kikachanika.

"Inatosha," Évode alisema. Alilisema kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuisikia vizuri.

Frederick alimwona.

"Papa Sangwa! Mwenye kazi! Unajificha nini? Kuja ukate ua yako."

"Hapana, chef, fundi atakuja kukata..."

"Kuja."

Hiyo nayo ilikuwa desturi ya kubohoza. Aliyeagiza lazima atie mkono, ili kesho asije akasimama popote kuwa shahidi. Walimshika shati, wakamvuta kupitia icyanzu, wakamtia panga mkononi. Vijana ishirini wakamzunguka wakipiga makofi kwa mapigo.

Athanasie alitoka mbio jikoni. "Usikate hivyo! Papa Sangwa, upepo unakuja huku! Miyenzi haikatwi hivyo!"

Kila mtoto wa pale anajua jinsi mti ule unavyokatwa. Unageuza uso, unasimama upepo ukiwa mgongoni, unakata tawi moja moja, maana maziwa yake meupe yakiingia jichoni yanaunguza kama asidi ya betri. Évode alijua. Lakini kulikuwa na makofi, na Mukantwari alikuwa pale chini ananyanyua uso wake wenye damu kumtazama, na Évode alitaka mambo yale yaishe haraka sana. Aliinua panga kwa mikono miwili, akapiga kwa nguvu zake zote, mara ya kwanza, mara ya pili. Mashina ya Rugamba yakapasuka, na maziwa yakamrukia usoni.

Alipiga yowe lililosikika mpaka stendi. Alitupa panga, akajikwangua macho kwa kucha, akaanguka, akabiringika juu ya matawi yanayovuja, akajipaka zaidi. Vijana walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha wakaukata ua wote, wao wakiwa wamegeuza nyuso na upepo ukiwa mgongoni, kama watu waliolelewa vizuri na mama zao. Waliondoka na madumu ya pombe, redio, na godoro la Mukantwari kichwani mwa mmoja wao. Njiani walipitia nyumbani kwa Évode, wakachukua kreti zao mbili.

*

Maji hayakusaidia. Athanasie alimmwagia ndoo nzima, na Évode alizidi kulia kwamba anaungua. Funguo za Hilux, ambayo ingemfikisha hospitali, zilikuwa mfukoni mwake, lakini pale nyumbani dereva alikuwa yeye peke yake.

Dawa ya miyenzi inajulikana: maziwa ya mama anayenyonyesha, nayo yaingie haraka. Athanasie alikimbia hadi kwa Claudette, nyumba ya tatu, aliyekuwa na mtoto mchanga. Aligonga mpaka dirisha likafunguka kidogo.

"Leo sifungui, Mama Sangwa. Wanaweza kurudi. Wataniona."

"Ni macho, Claudette! Ni maziwa kidogo tu!"

"Mwihangane, muvumilie," Claudette alisema, akafunga.

Athanasie alisimama barabarani kando ya lile rundo la matofali. Aliyachukia kuliko alivyopata kuchukia kitu chochote duniani. Alirudi ndani, akamshika mumewe mkono, akamwongoza kwenda juu. Hapakuwa na ua wa kuzuia wala kupitisha, palikuwa na visiki vinavyotoka machozi meupe, na zile nguzo mbili za icyanzu zilizobaki zimesimama peke yake.

Mukantwari alikuwa amekaa chini kati ya vigae, mkono wa kulia unaning'inia, ananyonyesha. Mzee Ndihokubwayo alikuwa amelala ubavu karibu yake, anakohoa.

Athanasie alipiga magoti juu ya chupa zile zile zilizovunjika.

"Mama Ihirwe. Mbabarira, unisamehe. Sina uso wa kukuangalia. Macho yake inakufa. Yeye ni dereva."

"Na Rugamba alikuwa dereva," Mukantwari alisema.

Évode alisimama, mikono mbele kama mtoto anayejifunza kutembea, kamasi na machozi vimemchafua mpaka shingoni. Alimsikia mtoto akimeza.

"Mulete."

Hakuweza kuinua mkono wa kulia, hivyo Athanasie ndiye aliyekilaza kichwa cha mumewe kwenye mapaja ya mwanamke mwingine na kukishikilia. Évode alinusa pombe, damu na maziwa. Alitaka kufa kwa aibu, na alitaka kuona, na alitaka kuona zaidi.

Mukantwari alimtoa mtoto, akakamua tone la kwanza kidoleni, akalilamba.

"Nimeonja," alisema. "Siku ile nilisahau. Mtoto alikuwa analia."

Évode aliyasikia maneno hayo, akaanza kulia kilio kingine, ambacho hakikuwa cha macho.

Athanasie alimfunua kope za jicho la kushoto. Maziwa yaliingia vuguvugu, yakarudi, yakafurika mpaka sikioni, tena na tena, mpaka ziwa likalegea. Polepole moto ule ukapoa. Kitu cha kwanza Évode alichokiona kilikuwa kidevu kilichochanika, na tone la damu linalotaka kumdondokea.

"Naona," alinong'ona. "Naona, Mama Ihirwe."

Mukantwari alijifunika. Akamhamishia mtoto upande wa pili kwa mkono wake mmoja, na Ihirwe akanyonya kwa nguvu.

"Na la kulia?" Athanasie aliuliza. "Jicho la kulia bado."

"Ziwa hii imekwisha. Hii nyingine ni ya mtoto."

"Kidogo tu. Matone..."

"Athanasie." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina, tangu siku aliyomzaa Sangwa. "Bwana yako alitaka nusu kwa nusu. Mimi nimelipa nusu yangu."

Je, ziwa lile la pili lilikuwa na maziwa ya kutosha wawili? Wanawake wa Muhima walibishana jambo hilo kwa miezi, na waliobishana zaidi ni wale waliofunga madirisha. Mimi simhukumu.

*

Jumatatu asubuhi Mukantwari aliondoka, bega limefungwa kitenge, mzee Ndihokubwayo amebeba sufuria moja na nguo za mtoto. Kabla ya kwenda alishuka kuaga. Uwanja ulikuwa wazi kutoka nyumba hadi nyumba, angeweza kupita popote alipotaka, lakini alizunguka visiki akapita katikati ya zile nguzo mbili. Alimwekea Athanasie kikombe cha chumvi kwenye mafiga, chumvi aliyokuwa ameazima wiki iliyopita.

Jicho la kulia la Évode liligeuka jeupe, kama limewekewa kipande cha maganda ya yai. Tajiri alimwonea huruma sana, akampa Hilux mtu mwingine. Kwa ajili ya lile deni la matofali, alimruhusu kupakia mizigo stendi, chini ya dereva mpya aliyemwita "wewe, jicho."

Frederick alihamia kwenye kabare ya Mukantwari. Alitundika bendera ya chama, akaweka mabenchi, na vijana wake wakawa wanakunywa pale kila jioni. Hao hawakutafuta ua wa kujisaidia, maana haukuwepo. Walisimama popote, wakimtazama Athanasie anavyopika.

Siku moja Frederick mwenyewe alishuka, mikono mfukoni.

"Muraho, jirani. Tofali zako zinalala tu barabarani. Ukuta utauanza lini? Pale tunafanya mikutano, hatutaki kuonekana."

Athanasie alisimama na mwiko wake mkononi. "Na nusu yenu mutaitoa lini?"

Frederick alicheka kwa ile sauti yake ya upole, akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akamgeukia Évode, na Évode ikambidi azungushe kichwa chote ili amlete upande wa jicho linaloona.

"Papa Sangwa, mama anauliza nini?"

"Hakuna kitu, chef," Évode alisema. "Nitauanza kesho."